Sumaku za Mama Mkwe

Wanaume wengine hujisifia magari. Daktari alijisifia mama mkwe. Kila walipokutana wanaume waliooa, na maongezi yakafika kwa wakwe kama yanavyofika siku zote, yeye aliwaacha wenzake walie mpaka wachoke, kisha akajifuta mdomo taratibu na kusema, "Wangu mimi, tangu ahamie kwangu, hajawahi kunitamkia neno baya." Wenzake walimtazama kwa kijicho. Hakuwaambia kwamba mama huyo hakuwa akimtamkia neno zuri pia, wala neno lolote lenye nguvu ya kuvuka meza.

Sababu ilikuwa meno. Mama mkwe alikuwa metroni wa bweni la wasichana katika maisha yake yote ya kazi, na hata baada ya kustaafu watu waliendelea kumwita Metroni. Zamani sauti yake ilitoka jikoni, ikavuka uwanja, ikaingia bwenini, na msichana aliyekuwa amelala akajikuta amesimama na ndoo mkononi kabla hajajua kaitwa na nani. Kisha meno yakaanza kumtoka moja moja mpaka yakaisha, akatengenezewa ya bandia. Ya juu yalikaa vizuri. Ya juu hushika kaakaa na hayana ugomvi na mtu. Balaa ilikuwa ya chini. Taya lake lilikuwa limesinyaa, hapakuwa na pa kushika, na meno yakawa yanaelea tu mdomoni. Akicheka, yanapanda. Akiita "ndoo!", yanataka kutoka kwenda kuichukua ndoo yenyewe. Basi akajifunza kusema "ndiyo", "asante" na "nimeshiba", kiganja kikiwa mdomoni, na nyumba nzima ikasema tazameni uzee ulivyomtia hekima.

Na mkwe wake huyu, msicheke kwanza, alikuwa bingwa wa meno ya bandia. Ndiyo kazi iliyompa jina, ofisi yenye kiyoyozi na haki ya kuegesha gari kivulini. Alifundisha wanafunzi jinsi taya linavyosinyaa, akawaonyesha picha za mataya ya watu asiowajua, kisha akarudi nyumbani kula chakula cha usiku akitazamana na taya lenyewe. Mganga hajigangi, wanasema. Huyu hakumganga hata mama wa mkewe. Mkewe alipomkumbusha, alijibu, "Tutaangalia," na kuangalia hakukutokea.

Kilichomwamsha si huruma bali utafiti. Daktari alitaka kulinganisha mitindo miwili ya kuyashikilia meno ya chini. Mtindo wowote uwao, kwanza mgonjwa hupandwa vijiti viwili vya chuma kwenye mfupa wa kidevu, na mfupa huvikumbatia mpaka vikawa kama mizizi. Tofauti huja juu yake. Katika mtindo wa kwanza, vijiti viwili huunganishwa na ufito, na chini ya meno huwekwa kibanio kinachoung'ata huo ufito. Katika wa pili, kila kijiti huvishwa kofia bapa ya chuma, na meno huwekewa sumaku. Ukiyasogeza karibu, yanakwenda yenyewe na kunata. Kila mgonjwa angekaa miezi kadhaa na mtindo mmoja, abadilishiwe wa pili juu ya vijiti vile vile, kisha mwishoni achague wa kubaki nao. Daktari aliipenda sana hiyo sehemu ya kuchagua. Ilimfanya ajione mtu wa haki.

Vipimo vilikuwa vya kisayansi kabisa. Meno yalifungwa ndoana na kuvutwa kwa mizani ya kuning'iniza, ili ijulikane yanang'oka kwa nguvu gani. Mgonjwa alitafuna karanga, akazitema, zikapitishwa kwenye chekecheo kuona zimesagika kiasi gani. Mwisho akapewa mstari uliochorwa kwenye karatasi, upande huu uso unaolia, upande ule uso unaocheka, akaambiwa atie alama pale roho yake ilipo. Hapo ndipo sayansi ilipokwama. Watu wamelelewa, nani atie alama kwenye uso unaolia, mbele ya daktari aliyempa meno? Wote walitia kwenye uso unaocheka, kwa ufito na kwa sumaku sawasawa, hata bibi mmoja aliyekuwa na kidonda ulimini. Mwingine aliivusha alama mpaka ukingoni mwa karatasi, akaimalizia mezani, kwa kuogopa asionekane hana shukrani.

Mzee mmoja akahamia kwa mwanawe mbali, utafiti ukapungukiwa mtu. Daktari alilalamika juu ya jambo hilo mezani, siku ambayo kaka yake mkubwa alikuwa amekuja kula. Mkewe akaweka kijiko chini.

"Na Mama je?" akauliza.

Mbele ya kaka yake, Daktari hakuwa na pa kukimbilia. "Ndiyo hasa nililokuwa nataka kusema," akasema.

Kazi haikuwa rahisi, maana Metroni alikuwa mtu wa haya zake. Kumfumbulia mkwe mdomo mtupu, fizi zote nje? Afadhali afe na njaa. Ikabidi kazi ifanywe na daktari msaidizi, binti mmoja mwenye mikono myepesi, na bingwa mwenyewe akae nyuma ya pazia akiongoza kwa sauti kama mtu anayemwelekeza dereva anayerudi nyuma: kidogo kushoto, kidogo, simama hapo. Vijiti vikapandwa, mfupa ukapona, na Metroni akaanza na ufito. Siku ya kupima, msaidizi alifunga ndoana akavuta mizani, na badala ya meno kung'oka, Metroni mwenyewe akaanza kuinuka kitini.

"Unashika!" msaidizi akapaaza sauti.

"Nasikia," Daktari akajibu nyuma ya pazia, moyo umemjaa.

Jioni hiyo hiyo walikaa mezani. Metroni akaonja mchuzi, akashusha kiganja chake kutoka mdomoni, akasema, "Huu hauna chumvi."

Watoto wawili wa nyumba hiyo waliacha kutafuna. Hawakuwa wanaijua sauti ile. Mkewe Daktari aliijua. Alikulia chini ya sauti hiyo, na machozi yalimlengalenga akakimbilia jikoni akisema anafuata chumvi. Daktari alicheka, akawaambia watoto kwamba hiyo ndiyo kazi ya baba yao.

Kwa wiki moja alifurahi. Kisha sauti ikaanza kuzoea nyumba. Metroni aliuliza mbona kuna mwanamume mzima anayeinuka mezani na kuiacha sahani yake kama aliyeitwa na moto. Aliuliza hadithi ya tuzo aliyowahi kupewa Daktari itasimuliwa mara ngapi, maana yeye tayari angeweza kuisimulia na kikohozi cha katikati. Alimwuliza mkwe wake, kwa adabu zote, "Baba, hivi wewe na mwanangu si mnarudi saa ileile kutoka hospitali ileile? Sasa mbona mmoja anavua viatu na mwingine anavaa aproni?" Hakutukana, hakufoka. Alisema tu, neno zima zima, kila silabi imekaa mahali pake, na ufito ukimshikilia.

Daktari akaanza kuchelewa kurudi. Wenzake walipomwuliza habari za mama mkwe, alijibu kwamba hajambo.

Hata hayo angeyavumilia. Kilichomkosesha raha kilikuwa jambo la mkewe. Mkewe alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, na mara mbili huko nyuma alipata nafasi ya kwenda mji mwingine kusomea utaalamu wa dawa za usingizi. Mara zote mbili Daktari alimwambia angoje kwanza. Na kila mkewe alipotaka kubishana, alimwekea jiwe lisilobebeka: "Hata Mama mwenyewe yumo humu ndani, anasikia, na hajasema lolote. Wewe una akili kuliko Mama?" Kweli, Mama alikuwa akisikia. Alikuwa ameshika mdomo wake, anatazama sahani. Na mke akanyamaza, kwa kuwa mtu akinyamaziwa na mama yake mzazi, aende kulalamika kwa nani?

Sasa nafasi imekuja mara ya tatu, na mkuu wake wa kazi amemwambia wazi kwamba hakutakuwa na ya nne, umri utampita. Daktari, mtu wa mashauriano, akaitisha kikao cha familia kifanyike Jumapili baada ya chakula. Maana ya kikao ni kwamba kaka yake mkubwa aje aseme "hapana" kwa niaba yake, yeye abaki na mikono safi. Alikuwa amekwisha kupanga kila kitu kichwani, mpaka alipokumbuka kuna mtu atakayekuwa mezani na meno yaliyobanwa barabara.

Hapa niseme ukweli: Daktari hakuwa mtu mbaya. Watu wabaya wana nguvu ya kujua wanachokifanya. Yeye alikuwa wa aina ile inayotenda jambo kwanza, kisha ikatafuta sababu nzuri ya kulivika. Asubuhi ya Ijumaa alimwita msaidizi wake akamwambia mgonjwa wa mwisho abadilishiwe leo, atiwe sumaku.

Msaidizi akashangaa. "Dokta, Mama bado hajamaliza muda wa ufito. Wenzake wote walimaliza."

"Ratiba imebanana."

"Imebanana wapi? Chumba kiko wazi."

"Utafiti mzuri," Daktari akasema, akitazama dirishani, "ni ule unaojua kuinama."

Msaidizi hakuwahi kulisoma hilo popote, lakini mkubwa ni mkubwa. Sumaku zina sifa zake: hazimuumizi mtu, hazina matata, mkono wowote dhaifu unaweza kuyatoa na kuyarudisha meno. Kasoro yake ni kwamba hazipendi purukushani. Ukifungua kinywa sana, au ulimi ukichachamaa, meno yanateleza pembeni na kuinuka. Daktari alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa alikuwa analipima. Kwa mama wa umri wake, akajiambia, anayekula laini na kusema "asante", sumaku zinatosha kabisa. Akaridhika na mawazo yake, akenda kunywa chai.

Metroni alitiwa sumaku. Msaidizi, alipokuwa akikaza skrubu ya mwisho, alimwambia kwa sauti ndogo, "Samahani, Mama, ilikuwa tusubiri kidogo. Dokta amesema leo." Metroni akaitikia kwa kichwa, akatazama pazia kwa muda mrefu.

Jumapili ikafika. Kaka Mkubwa alikuwa meneja mstaafu wa posta, na alizungumza kama anayesubiri kila neno ligongwe muhuri. Alikula, akashiba, akasogeza kiti nyuma, akaanza. Akasema mke ni nguzo. Akasema nguzo ikiondoka paa linafanyaje? Akajijibu mwenyewe kwamba linaanguka. Akasema elimu ni nzuri, nani asiyejua, ila kila jambo na wakati wake, na watoto bado wanamhitaji mama. Mke wa Daktari aliinamisha kichwa, anakunjakunja pembe ya kitambaa cha meza.

"Tena si sisi upande wa mume tu," Kaka Mkubwa akaendelea. "Hata upande wa mke. Au siyo, mdogo wangu?"

"Mama yuko hapa," Daktari akasema, kwa sauti ya upole iliyojaa asali. "Hajawahi kulipinga hata siku moja."

Metroni akashusha kijiko. "Mimi..." akaanza, na meno yakainuka, yakagonga ya juu, *klek*. Kiganja kikakimbilia mdomoni. Akayakandamiza, akameza mate, akajaribu tena. "Mwanangu a..." *Klek*. Mtoto mmoja akaguna kicheko akakibana.

"Pumzika, Mama," Kaka Mkubwa akasema kwa huruma. "Tumekuelewa."

Na Daktari, mkwe mwema, akamsogezea glasi ya maji.

Metroni aliitazama ile glasi. Kisha akamtazama aliyeisogeza, kwa macho yale yaliyowahi kulitawala bweni zima. Mkono wa mama ukaondoka mdomoni. Ukarudi, vidole viwili, ukaingia ndani. Yakatoka meno ya chini. Hayakupinga hata kidogo. Sumaku hazina kiburi. Akayaweka mezani. Yakafuata ya juu. Akayaweka kando ya wenzake, juu ya kitambaa cheupe, mbele kabisa ya sahani ya mkwe wake.

Uso wake ukabonyea, mashavu yakaingia ndani, kidevu kikapanda. Kaka Mkubwa akageukia ukuta kwa heshima. Mkewe Daktari akainuka nusu, "Mama!"

"Kaa," Metroni akasema. Mkewe Daktari akakaa. Kaka Mkubwa, ambaye alikuwa amekaa tayari, akakaa zaidi.

Sauti ilikuwa na upepo ndani yake, herufi nyingine zilitoka zimelowa, lakini hakuna aliyeshindwa kuelewa. "Mnanisikia?" akauliza. Hakuna aliyejibu, maana yake wanasikia. "Basi nitazameni vizuri mmalize. Hiki ndicho nilichokificha miaka yote hii. Niliona haya mkwe aje kuniona nimepwaya hivi. Nikaona bora ninyamaze, nife na heshima yangu. Kumbe kimya changu kilikuwa kinaokotwa. Mtu anakiokota, anakwenda nacho chumbani, anampigia nacho mwanangu."

"Mama, hakuna aliye..." Daktari akaanza.

"Sijamaliza. Mara ya kwanza alipotaka kusoma, nilikuwa na la kusema. Mara ya pili nilikuwa nalo. Nililimeza na uji." Akamgeukia bintiye, na sasa sauti ilitetemeka, na hakuificha. "Nilikusikia ukilia jikoni. Sikukwambia kitu. Nikawaza meno yangu, sikuwaza maisha yako. Nenda, mwanangu. Nenda kasome."

Kaka Mkubwa akakohoa akiwa bado anatazama ukuta. "Lakini watoto, Mama..."

"Nimelea wasichana wa watu mpaka nikapoteza hesabu. Hawa wawili ndio watanishinda? Na baba yao je, yeye humu ndani ni mpangaji?"

"Sisemi asiende," Daktari akasema haraka. "Nasema tungoje kwanza kidogo, mambo yakae..."

"Ngoja, ngoja!" Metroni akampiga kikumbo cha maneno. "Mimi nimelisikia hilo neno lako mpaka meno yakaniisha."

Ungedhani mtu atacheka. Hakucheka mtu, hata watoto. Mkewe Daktari aliachia kitambaa cha meza, akakinyoosha kwa viganja viwili pale alipokuwa amekikunja, akasema, bila kumwangalia mumewe, "Nitakwenda. Kesho namjibu mkuu." Kisha akamzunguka mama yake, akamshika mabega, akabaki amesimama hapo nyuma yake. Yale meno yaliendelea kukaa mezani mbele ya Daktari, na hakuna aliyeyagusa mpaka kahawa ilipoletwa.

Akaenda. Miezi ikapita, na Daktari akajifunza mengi ambayo si ya kisayansi, kama vile kwamba sahani hazitembei, na kwamba aproni humwenea hata mtu mwenye shahada tatu. Siku ya mwisho ya utafiti, Metroni aliingia klinikini kuchagua. Pazia lilikuwa halina kazi tena. Mtu aliyekwisha kunywa kahawa akitazamana na meno ya mkwe wake amefichwa nini? Daktari alikaa pale pale kwenye stuli, kalamu mkononi, amejaa matumaini. Vipimo vyote viliupa ushindi ufito: mizani, karanga, kila kitu. Kilichobaki ni wagonjwa wenyewe, ambao walisema mitindo yote mizuri, wanamshukuru Mungu. Alihitaji mtu mmoja tu atakayesema kweli, na huyu hapa, mama asiyejua tena kupaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Mama," msaidizi akauliza, "utabaki na upi?"

"Sumaku."

Daktari akainua kichwa. Msaidizi naye akashangaa. "Lakini Mama, ufito unashika zaidi. Karanga ulizisaga unga. Na kuongea uliongea bila shida."

"Najua unashika. Kuyatoa ndiyo shughuli, mpaka kucha zivunjike. Haya nayashika kwa vidole viwili, nje."

"Sasa Mama, kwa nini utake kuyatoa upesi hivyo?"

Metroni akajipangusa pembe za mdomo kwa leso. "Kwa sababu yakiwa mdomoni, mkwe wangu hunisogezea maji. Yakiwa mezani, hunisikiliza."

Msaidizi akageukia sinki na kufungua bomba ambalo halikuwa na haja ya kufunguliwa. Daktari alibaki ameinamia karatasi. Palikuwa na nafasi ya kuandika sababu ya mgonjwa, mistari miwili mitupu, na hakuna mgonjwa mwingine aliyewahi kuijaza.

"Umeandika?" Metroni akauliza.

"Naandika, Mama."

"Andika nilivyosema, usinipambie."

Kalamu ikatembea, ikasimama, ikatembea tena.

"Haya, soma nisikie," akasema Metroni.

Na Daktari, shingo imemwiva, akamsomea mama mkwe wake, neno kwa neno, mpaka mwisho.